Bendera ya Mbeleko

Hapo zamani, wanangu, wanyama walipokuwa na majiko na vitanda na majirani wa kuombana chumvi, palikuwa na kisiwa cha mawe katika ziwa moja. Kilikuwa kidogo. Ukipiga chafya upande huu, mtu wa upande ule alikuitikia "afya." Humo walikaa pimbi, nyumba saba, na nyumba ya nane alikaa Bi Kobe peke yake.

Ng'ambo, nchi kavu, alikaa Fisi. Yeye alikuwa jumbe, mtawala wa ng'ambo na wa kisiwa pia. Askari wake alikuwa Ngiri, mwenye meno mawili yaliyopinda na kichwa kigumu kama kinu.

Sasa sikilizeni vizuri. Fisi na pimbi walikuwa watani. Babu zao waligombana juu ya mbuzi mmoja wakati wa njaa, wakapigana hata wakachoka, wakaona afadhali waumalize ugomvi kwa mzaha. Tangu siku hiyo pimbi alikuwa na ruhusa ya kumwambia fisi kwamba ananuka, na fisi alikuwa na ruhusa ya kumwuliza pimbi mkia wake ameuuza wapi. Msiba ukitokea upande mmoja, watu wa upande wa pili walikuja kuchimba kaburi na kuwachekesha wafiwa. Sheria ya utani ilikuwa moja tu: mtani hakasiriki.

Fisi aliipenda sana sheria hiyo.

Kila kiangazi maji ya ziwa yalipungua, ukatokea mchanga mwembamba kama mkanda, kutoka nchi kavu mpaka kisiwani. Fisi alivuka kwa miguu, papa, papa, papa, na Ngiri nyuma yake. Alipita nyumba kwa nyumba akiwatazama watoto. Alichagua mmoja, akambeba mdomoni. Mama wa mtoto akipiga kelele, Fisi alimweka mtoto chini ya mguu wake kwanza ili aweze kusema.

"Mtani, unakasirika? Huu ni utani tu."

Basi wote waliona haya. Desturi ilikuwa desturi, na hakuna aliyetaka kuitwa mtu asiyejua utani. Walinyamaza. Walikwenda kulia ndani, midomo wameifunika kwa mikono.

Mwaka mmoja Fisi alimchukua Semeni. Mama yake alikuwa amembeba mgongoni huku anakoroga uji. Fisi alimvuta mtoto kwa nyuma, chwaa, mbeleko ikachanika pembeni. Mtoto akaenda, mama akabaki na kitambaa.

Hakukifua. Alikikunja akakiweka chini ya mto. Majirani waliendelea kumwita Mama Semeni, kwa sababu hawakujua wamwite nani mwingine. Alikuwa amebaki na mtoto mmoja, Chausiku, aliyekuwa amemtangulia Semeni kidogo na ndiyo kwanza anajifunza kutafuna majani.

Kiangazi cha mwaka uliofuata kilipokaribia, Ngiri alikuja akasimama ukingoni, ng'ambo, akapaza sauti.

"Jumbe anawasalimu, watani. Anasema mwaka huu atarudi nyumba ileile. Anasema uji wa nyumba ile unanenepesha."

Mama Semeni alisikia kila neno. Alikuwa akipepeta, akaendelea kupepeta. Alipomaliza aliingia ndani, akatoka na mbeleko. Aliifunga kwenye mti mrefu, akapanda juu ya mwamba mkubwa kuliko yote, akausimamisha mti ule kati ya mawe mawili.

"Hicho nini?" Bi Kobe akauliza.

"Bendera."

"Ya nani?"

"Yetu. Kuanzia leo sisi ni nchi. Tumejitenga na Jumbe."

Majirani walitoka mmoja mmoja. Walisimama chini ya mwamba wakitazama kile kitambaa cha manjano kilichopauka, chenye doa katikati, tundu moja, na pembe iliyochanika. Wote walikijua.

"Mama Semeni," akasema Baba Mashaka, jirani wa mlango wa pili, "jana ulilala kweli?"

"Nililala."

"Nchi ya nyumba nane?"

"Nane na choo chako."

"Na jeshi je?"

"Bi Kobe ndiye waziri wa ulinzi."

"Mimi?" Bi Kobe akatoa shingo yote. "Mimi hata kukimbia siwezi."

"Ndiyo maana nimekuchagua. Wengine wote wangekimbia."

Mtu mmoja alicheka. Kisha wote wakacheka, kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kilichopita, halafu wakaacha ghafla kana kwamba wameona aibu.

"Fisi akiiona hii atatumaliza," Baba Mashaka akasema.

"Atumalize kwa nini? Ni utani. Mtani hakasiriki." Mama Semeni alishuka mwambani. "Sasa mlingoti unataka shimo. Nani atanisaidia kuchimba?"

Nyuma ya ule mwamba palikuwa na ufa, mrefu kama kitanda, uliojaa mchanga. Pimbi walichota mchanga kwa mikono siku tatu, kwaru, kwaru, kwaru, mpaka ufa ukawa na kina cha watu watatu waliosimama mabegani mwa wenzao. Juu yake, ukingoni kabisa, lilikaa jiwe la mviringo lililokuwapo tangu enzi za mababu. Pimbi wote wa kisiwa wangelisukuma pamoja lisingetikisika. Siku ya tatu, wengine walipokwenda kula, Mama Semeni alibaki akichokoa mchanga chini ya jiwe hilo, upande wa kwenye ufa. Alichokoa mpaka likawa limezuiwa na kijiwe kimoja tu, kiasi cha kiazi.

Bi Kobe hakuwa amekwenda kula. Kobe huchelewa kufika, na huchelewa kuondoka pia.

"Shimo la mlingoti gani hili?" akauliza. "Mbona mtu anaweza kulala humo akajinyoosha?"

Mama Semeni alijikung'uta mchanga. "Bi Kobe, wewe ni waziri wa ulinzi. Usiniulize mbele ya watoto."

Bi Kobe alilitazama jiwe, akakitazama kijiwe, akarudisha kichwa ndani ya gamba.

Siku ya Fisi kuja, jua lilikuwa kali tangu asubuhi. Mama Semeni alimkalisha Chausiku chini ya bendera, mahali pa kuonekana na kila mtu. Kumficha kusingesaidia, kwa sababu fisi hunusa. Mama Semeni alijua jambo moja: Fisi akiukubali mzaha, mtoto angepona. Akiukataa, hapakuwa na mpango mwingine.

Papa, papa, papa. Walifika.

"Hodi, wasio na mkia," Fisi akasema.

"Karibu, mwenye kunuka," akajibu Mama Semeni. "Ila simama hapo hapo. Umefika mpakani."

Fisi akasimama. "Mpaka gani?"

"Wa nchi yetu. Mgeni haingii bila cheti."

Alimpa jani moja la mkuyu. Alimpa Ngiri jani jingine. Kisha akachukua nusu ya kiazi kibichi, akakichovya matopeni, akagonga muhuri, pu, juu ya kila jani. Ngiri aliinamisha kichwa kulitazama jani lake karibu, akagongwa muhuri wa pili kwenye paji la uso.

Fisi alicheka mpaka akakaa chini. "Mtani, mwaka huu umeniweza. Na lile tambara juu?"

"Ile ni bendera. Iheshimu."

"Nieleze basi. Manjano ni nini?"

"Manjano ni meno yako."

Ngiri alicheka, kwi, kwi, kwi, kisha akamtazama Jumbe kuona kama imeruhusiwa.

"Na doa?"

"Doa ni ziwa."

"Na tundu?"

"Tundu ni hazina ya serikali. Ukitia kitu kinaanguka upande wa pili."

"Na mimi? Niko ng'ambo tu miaka yote hii, bendera nzima haina mahali pangu?"

"Una mahali pako," Mama Semeni akasema. "Pale penye mchaniko. Huo ni mpaka wa nchi yetu na yako. Uliuchora mwenyewe."

Fisi alikitazama kile kitambaa kwa jicho moja. Polepole akakumbuka. "Kumbe ni ile nguo," akasema, akacheka tena, na safari hii pimbi waliinamisha macho. "Mama Semeni, wewe ni mtani kweli. Mwingine angekasirika. Haya, umetuchekesha vya kutosha. Mlete huyo mdogo niende."

Alipiga hatua moja kuelekea kwa Chausiku. Mtoto alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlingoti.

"Subiri," Mama Semeni akasema. "Utaondokaje katikati ya mazishi?"

"Mazishi ya nani?"

"Ya utawala wako. Nchi mpya haianzi mpaka ya zamani izikwe. Kaburi tumechimba wenyewe, kwa kuwa watani mmechelewa. Tumekosa mtu wa kulala."

Hapa niwaeleze, wanangu. Katika mazishi ya siku zile, kabla maiti haijashushwa, mtani alirukia kaburini. Alilala humo kifudifudi au chali, akawatukana wafiwa, akakataa kutoka mpaka apewe anachokitaka. Wafiwa walimbembeleza apunguze. Walimtishia kumfukia, walimrushia udongo kidogo. Naye alilia kwa sauti kubwa kwamba anakufa, na watu wakacheka hata wakasahau machozi. Hakuna aliyejua kulala kaburini kama Fisi. Kwa kazi hiyo alikuwa na jina nchi nzima.

"Nikilala, nitaomba nitakacho?" akauliza.

"Ndiyo desturi."

"Nitamwomba huyo."

"Omba. Utapewa na mama yake, mbele ya watu wote. Hakuna atakayesema tena kwamba unanyang'anya."

Fisi alipiga hesabu. Watoto wote aliowahi kuwachukua, alikuwa amewavuta kwa meno. Hakuna mama aliyewahi kumwambia "chukua." Aliona jambo hilo litakuwa tamu kuliko nyama yenyewe, na angelisimulia kwenye kila msiba mpaka azeeke.

Aliuendea ufa, akachungulia. "Kaburi zuri," akasema. "Mmenipimia." Akateremka, mchanga ukimfuata, shaa, akalala chali na miguu yake minne juu. Upana ulimtosha, lakini haukumtosha kugeuka.

"Nimekufa," akasema kutoka chini. "Watani, mbona hamlii?"

"Marehemu hufunikwa kwanza," Mama Semeni akasema.

Alipanda mwambani, akaifungua mbeleko. Kabla ya kushuka aliiweka usoni, akaivuta harufu yake mara moja. Ngiri alidhani anapenga kamasi. Kisha akaja ukingoni, akaiachia. Ile mbeleko ilishuka polepole, ikamwangukia Fisi usoni.

"Inanuka uji," Fisi akasema. "Haya. Nataka Chausiku."

"Tupunguzie, mtani. Chukua waziri wa ulinzi."

"Gamba tupu. Sitaki."

"Chukua nusu ya nchi."

"Nchi yenu yote ni jiwe. Nataka Chausiku."

"Basi tutakufukia."

"Mnifukie ninyi? Mna nguvu gani, panya wakubwa?"

"Kweli hatuna," Mama Semeni akasema. Akamgeukia Ngiri, aliyekuwa amesimama karibu na lile jiwe akifuta machozi ya kicheko. "Bwana askari, wewe unazo. Hebu litikise hilo jiwe kidogo, ashtuke, atupunguzie."

Ngiri alichungulia chini. "Jumbe, nitikise?"

"Sukuma," Fisi akajibu chini ya kitambaa. "Waone wakubwa wanavyotania. Sukuma kwa kichwa, usiwe kama mgonjwa."

Mama Semeni aliinama kana kwamba anaokota kitu. Alikiondoa kile kijiwe.

Ngiri alirudi nyuma hatua tano, akaja mbio, akaligonga jiwe kwa paji lile lile la muhuri. Jiwe likatikisika. Likasimama kidogo, kana kwamba linafikiri. Kisha likaenda.

Buu!

Kisiwa kizima kilitetemeka. Mchanga wa siku tatu, uliokuwa umerundikwa pembeni, ulilifuata jiwe ukimiminika, shaaa, kwa muda mrefu. Vumbi lilipotulia, jiwe lilikuwa limekaa ndani ya ufa kama kifuniko cha chungu.

Halafu sauti ikaja kutoka chini, nyembamba.

"Ngiri. Ngiri, nitoe. Mguu wangu umevunjika."

Ngiri alianguka chini kwa kicheko. "Mnamsikia? Anajua huyu, anajua. Kwenye msiba wa Nyumbu alilia hivi hivi, wakampa paja zima."

"Nitoe, nakufa."

"Ndivyo anavyosema siku zote," Ngiri akawaeleza pimbi. "Sasa hivi atasema si utani."

"Si utani, Ngiri! Si utani tena!"

"Nimewaambia nini?" Ngiri alipiga magoti, akausukuma mchanga mwingine kwa pua, ukaingia katika nafasi zilizobaki kandokando ya jiwe. "Mtani hakasiriki, Jumbe! Punguza bei!"

Aliendelea hivyo kwa kitambo. Kisha akaona kwamba anacheka peke yake. Aliinua kichwa, pua imejaa mchanga. Pimbi walikuwa wamesimama kimya kuuzunguka ufa, wakubwa kwa wadogo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akitabasamu. Bi Kobe alikuwa amefumba macho.

"Mbona hamcheki?" akauliza.

Aliinuka, akajikung'uta mchanga.

"Haya, mpeni basi huyo mtoto twende. Jua linachoma." Akainamia ufa. "Jumbe? Wamekubali. Toka."

Kimya.

"Jumbe."

Ngiri alijaribu kulivuta jiwe. Alijaribu kwa meno, kwa kichwa, kwa bega. Aliufukua mchanga, mchanga ukarudi. Alifanya hivyo mpaka paji lake likatoka damu na muhuri ukafutika, na jua likawa limepinda. Hakuna aliyemzuia na hakuna aliyemsaidia. Mwishowe aliketi.

"Mmemuua," akasema.

"Nani alisukuma?" Mama Semeni akauliza.

"Aliniambia nisukume."

"Tulisikia."

"Ulijua."

Mama Semeni alimwendea karibu. Alikuwa mfupi, hakufika hata kwenye goti lake. "Bwana askari," akasema taratibu, "unakasirika? Huu ulikuwa utani tu."

Maneno yote aliyokuwa nayo Ngiri yalikuwa ya Jumbe. Aliinuka, akashuka mpaka kwenye mchanga, akavuka peke yake bila kugeuka. Ng'ambo aliwaambia watu kwamba Jumbe amehama, na kwamba kule kisiwani hakuna cha kufuata. Hakuweza kusema zaidi, kwa sababu angeulizwa ni kichwa cha nani kilichosukuma. Baada ya wiki mbili mvua zilinyesha na maji yakaufunika mchanga.

Siku hiyo, wanangu, kisiwani hapakupigwa vigelegele. Baba Mashaka alijaribu kusema kwamba sasa nchi imezaliwa, akaacha katikati, akaenda kuokota kuni. Watu walirudi majumbani kuwasha moto. Mama Semeni alibaki kando ya ufa, Chausiku mapajani.

"Mama," mtoto akauliza, "bendera yetu iko wapi?"

"Imemfunika Jumbe."

"Tutaitoa?"

"Haitoki."

Mtoto akafikiri. "Lile doa lilikuwa ziwa kweli?"

"Hapana. Lile doa ni uji. Mdogo wako hakupenda uji wa mtama, alinitemea mgongoni. Lile tundu ni cheche ya moto, siku niliyopika naye mgongoni karibu mno na jiko, nikajilaumu wiki nzima. Na mchaniko unaujua."

"Basi ilikuwa ya Semeni."

"Yote ilikuwa ya Semeni," Mama Semeni akasema. "Sikuwa na kingine chake."

Majirani walimletea vitambaa vingine baadaye, vipya, vya rangi nzuri, wakisema nchi haiwezi kukaa bila bendera. Aliwashukuru, akawashonea watoto wao nguo. Mlingoti ulibaki mtupu juu ya mwamba, na watu wa kisiwa waliupita wakiusalimu hivyo hivyo ulivyo. Utani na fisi waliuacha siku ile. Tangu hapo pimbi na fisi hawataniani, wala hawazikani.

Na ninyi mshike hili moja: anayemwumiza mwenzake kisha akasema ni mzaha, siku yake ya kulia hakuna atakayemsadiki.